Kunyamaza na Kunyamazisha: Corolla ya Mzee, Oili Nzito na Ada Yangu



Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, kazi za vikundi zikafululiza, na kompyuta yangu nayo ikafa betri. Sasa nimerudi, na leo sina umbea wa bwenini wala habari za nani kapata sapu. Leo nataka kuongelea gari la mzee wangu na oili. Subiri kwanza, usikimbie! Hata kama hujui boneti inafunguliwaje, nakuomba ufike chini, maana wengi wetu hapa Mlimani kuna kitu kimeuzwa au kinatafutiwa mteja huko nyumbani ili sisi tukae darasani.

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A ya petroli. Mzee alilinunua kwa mtu wa Nzega nikiwa bado shule ya msingi, kwa pesa ya pamba pamoja na ng'ombe wawili ambao bibi mpaka leo anawataja kwa majina. Miaka yote hiyo limekuwa teksi pale Igunga mjini. Limebeba maharusi, limebeba magunia ya mpunga, limekimbiza wagonjwa usiku kwenda Hospitali ya Nkinga. Mdogo wetu wa mwisho nusura azaliwe kwenye kiti cha nyuma, maeneo ya Ziba. Kwa kifupi, lile gari lilianza kunisomesha kabla Bodi ya Mikopo haijanijua.

Likizo iliyopita nilishuka Igunga saa 3 usiku, miguu imevimba kwa safari ya kutoka Dar. Mzee akanipigia: "Usitoke hapo stendi, nakuja." Basi bwana, kabla sijaziona taa zake nilimsikia. Ko-ko-ko-ko-ko. Nikadhani ni mashine ya kusaga inatembea! Nilipoingia nikamuuliza, "Baba, gari linaumwa?" Akajibu, "Lina kikohozi tu." Tukacheka. Lakini nilimwangalia anavyoendesha. Alikuwa hakanyagi mafuta kabisa, kama mtu aliyepakata trei la mayai.

Sasa niwape shule kidogo, kwa sababu likizo nzima nilishinda gereji na nimejifunza mengi.

Kelele za injini kuukuu si za aina moja, na hapo ndipo wengi tunapopigwa. Kuna kelele nyepesi, tiki-tiki-tiki kama cherehani, inatoka juu ya injini. Hiyo mara nyingi ni tapeti: nafasi kwenye vavu imeongezeka na inataka kurekebishwa, ila gari linaweza kukaa nayo muda mrefu na lisife. Kuna ile ya kokoto ndani ya kopo, unaisikia ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko. Hiyo inahusu namna petroli inavyoungua, siyo beringi. Halafu kuna ya tatu, nzito, inatoka tumboni chini, inazidi injini ikipata moto na ikibeba mzigo. Hiyo ni ya beringi za konrodi, na ndiyo aliyokuwa nayo mzee. Ukitokea Shelui ukaanza kupanda Sekenke na abiria wanne ndani, inagonga mpaka unatamani ushuke utembee kwa miguu.

Inakuwaje? Ndani ya injini konrodi zinashika kwenye krenki, na katikati yao kuna beringi nyembamba kama ganda. Injini ikiwa nzima, chuma hakigusi chuma. Pampu inasukuma oili, oili inatengeneza utando mwembamba, na krenki inazunguka juu ya huo utando. Beringi zikilika, nafasi inapanuka, oili inatoroka kirahisi, presha inashuka. Injini ikipata moto oili inazidi kuwa nyepesi, utando unapasuka, vyuma vinaanza kupigana ngumi. Hiyo ndiyo ko-ko-ko. Ukiendelea nayo hivyo hivyo, mwisho wake ni injini kukwama, au konrodi kukatika na kutoboa bloku, na oili yote kumwagika barabarani.

Na hapo ndipo linapokuja suala la oili nzito. Zile namba kwenye kopo zina maana yake. Ukiona 5W-30 au 20W-50, namba iliyo na W inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi, na namba ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikiwa ya moto. Namba ya mwisho ikiwa kubwa, oili inabaki nzito zaidi kwenye joto. Kwa hiyo fundi akikutolea 30 akakuwekea 50, utando unakuwa mnene zaidi, ile nafasi iliyolika inajazwa, na kelele inapungua. Hapo fundi hajadanganya. Inapungua kweli! Ila beringi haijarudi. Ni kama mtu mwenye jino bovu kumeza vidonge vya maumivu: usiku analala vizuri, na jino linaendelea kuoza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi oili nzito ni dhambi. Magari ya zamani mengi, mwongozo wake wenyewe unaruhusu 20W-50 kwenye nchi za joto, na Igunga ya mwezi wa kumi mnaijua ninyi mliowahi kupita, jua linakupiga mpaka kivuli kinatafuta kivuli. Gari kuukuu likinywa oili nzito kidogo ndani ya kile mwongozo ulichoruhusu, mwenye gari akajua kwa nini, hayo ni matunzo. Mimi ugomvi wangu uko kwingine.

Ugomvi wangu ulianza siku fundi alipomwaga oili ya zamani. Aliikinga kwenye beseni, tukalisogeza juani, na ndani ya ule weusi tukaona vichembe vinang'aa. Wadau, vilikuwa vizuri kuangalia! Kwetu mambo ya kung'aa tunayo kwenye historia: mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu pale Tabora kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Lakini vile vichembe kwenye beseni havikuwa mali, vilikuwa gharama. Ni beringi iliyosagika. Fundi alimtazama mzee, mzee akalitazama beseni, hakuna aliyesema kitu. Ile oili chafu ikawekwa kwenye dumu, itakuja kupakwa kwenye nguzo za zizi kuzuia mchwa, kama kawaida ya kwetu.

Ndipo fundi akatoa ushauri. "Mzee, hili ukitaka kulitengeneza vizuri ni kushusha injini, au ununue injini nyingine ya mtumba. Hiyo hela unayo?" Mzee akasema hana. "Basi uza. Lakini ukiuza likiwa linagonga hivi watakupa milioni 3 kwa mbinde. Mimi nakuwekea oili nzito, nachanganya na dawa ya kopo, litatulia. Mtu akija kulisikiliza, analisikia kama paka. Milioni 4 na laki 8 hukosi."

Na mteja alikuwepo! Kijana wa mtaa wa pili, kaka yake nilisoma naye sekondari. Alikuwa amekusanya hela ya alizeti na ya kuuza pikipiki yake, anataka gari la kupigia abiria Igunga, Ziba, mpaka Nkinga.

Tofauti ya milioni 1 na laki 8, ndugu zangu. Piga hesabu. Sehemu ya ada ambayo mkopo wangu hauigusi ilikuwa humo. Mdogo wangu anayeingia kidato cha tano alikuwa humo, na godoro lake, na ndoo yake, na nauli. Mzee hakuwa anataka utajiri. Alikuwa anataka sisi wawili tusome.

Siku moja kabla sijarudi chuo nilimuuliza usiku, tumekaa nje. "Baba, yule kijana akiuliza kuhusu injini?" Akasema, "Akiuliza nitamjibu. Asipouliza, mimi nimemdanganya nini? Kila mnunuzi ana macho yake na ana fundi wake."

Sikuwa na jibu. Na mimi nasoma sheria, mwaka wa pili! Nilinyamaza, nikapanda basi nikarudi Dar na ule ukimya wangu.

Jibu nilikuja kulikuta kwenye desa. Tulikuwa tunajisomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, tukafika kifungu cha 17, kinachoeleza udanganyifu ni nini. Wale wa kitivo changu mnakijua, mmekikariri kwa ajili ya mtihani na mkakisahau kesho yake. Sheria inasema kwamba kwa kawaida mtu kukaa kimya tu kuhusu jambo ambalo lingemfanya mwenzake ajiulize mara mbili, siyo udanganyifu, isipokuwa pale anapokuwa na wajibu wa kusema. Kwa hiyo mzee wangu hakuwa mjinga, aliyoyasema yana nusu yake kwenye kitabu. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba kuficha kwa vitendo jambo unalolijua, kwa nia ya kumdanganya mwenzako, huo ni udanganyifu. Na aliyedanganywa hivyo anaweza kuutengua mkataba.

Hapo nikashtuka. Kunyamaza ni kitu kimoja. Kunyamazisha ni kitu kingine kabisa!

Ukiuza gari linalogonga, ukawasha mbele ya mnunuzi, likagonga, na yeye akakaa kimya na wewe ukakaa kimya, basi wote wawili mmelisikia. Gari limejieleza lenyewe. Lakini ukilinywesha oili nzito asubuhi ya siku ya kuuza ili lisisikike, hujakaa kimya. Umefanya kazi. Umelipia kazi hiyo. Umeyaziba masikio ya mwenzako halafu unamwambia "si ungesikiliza?"

Wazee wetu wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakibeba mizigo kati ya Tabora na pwani. Mpagazi akianza kuchechemea, msafara mzima unamwona, na mzigo utagawanywa upya au safari itasimama. Injini haichechemei mbele ya macho ya mtu. Yenyewe imepewa sauti tu. Ukiinyang'anya hiyo sauti umeinyang'anya njia ya kusema "nimechoka", na siku itakayosema kwa njia nyingine itakuwa imeshachelewa. Fikiria ni saa 8 usiku, njia ya Nkinga, nyuma kuna mama mjamzito, na konrodi inakatika. Yule kijana atapoteza mtaji wake wote. Yule mama sitaki hata kumalizia. Mama yangu alishakaa kwenye kiti hicho hicho.

Najua hoja zenu, maana nilizisikia zote hapa chumbani. Mwenzangu mmoja alisema, "Kila mtu anafanya hivyo, ndivyo magari ya mkononi yanavyouzwa Bongo." Sawa, na ndiyo maana kila mtu anaponunua gari anakuwa na wasiwasi kama anaoa kwa picha! Tukiambizana ukweli hata bei zenyewe zitakuwa na maana. Mwingine akasema maskini hana uwezo wa kuwa mkweli kwa milioni 1 na laki 8. Hii ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ina uzito. Lakini angalia anayenunua ni nani. Tajiri hanunui Corolla ya 1997. Anayenunua ni maskini mwenzetu aliyeuza pikipiki. Kwa hiyo hatumnyang'anyi mwenye nacho, tunahamisha shimo kutoka uani kwetu kwenda uani kwa jirani, tena usiku.

Wala sina chuki na magari kuukuu, tafadhali. Kenya wameweka kikomo, gari lililozidi miaka 8 haliingizwi nchini kwao. Kwetu linaingia, ila unalipia uchakavu. Mtu anaweza kubishana lipi bora, lakini mimi natoka mahali ambapo bila gari kuukuu mgonjwa wa kijijini hafiki hospitali. Tutaendelea kuishi nayo. Ndiyo maana nataka tuyasikilize vizuri, na tusiyazibe mdomo.

Sasa kwa wale mnaokaribia kumaliza na mna ndoto za kigari cha kwanza kwa mshahara wa kwanza, chukueni haya kutoka gereji ya Igunga:

Kwanza, nenda kaliangalie asubuhi likiwa halijawashwa. Gusa injini. Ukikuta lina moto tayari, uliza nani kaliamsha mapema na kwa nini. Lisikilize likiwa baridi, halafu liendeshe kama nusu saa, tafuta mlima, pakia watu, ulisikilize tena. Beringi mbovu hujitaja kwenye joto na mzigo.

Pili, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa mpya kabisa na nzito kama asali ya Sikonge, siyo kosa, ila uliza: ni namba ngapi, imewekwa lini, kopo lake liko wapi? Mwenye nia njema hana shida na maswali hayo.

Tatu, taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Isipowaka, inawezekana imechomolewa ili isimseme mtu! Injini ikishawaka inatakiwa izimike haraka, na injini ikiwa ya moto inanguruma taratibu isiwe inapepesa.

Nne, nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Mwambie afunge geji ya presha ya oili. Pia kwenye injini kama hizi za zamani anaweza kuchomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine: akifika kwenye pistoni yenye beringi mbovu, mgongo wa ile kelele unalegea. Mkikubaliana na mwenye gari, mwageni oili mwiangalie juani. Mkiona inang'aa, msishangilie.

Na ukiwa wewe ndiye unayeuza na ulishaweka oili nzito, sema tu: "Nimeweka 50 kwa sababu linagonga." Maneno matano. Yana gharama, lakini ni matano tu.

Mnataka kujua iliishaje. Nilimpigia mzee nikamweleza habari za kunyamaza na kunyamazisha. Nilitetemeka, sikufichi, maana kwetu mtoto hamfundishi baba namna ya kuuza mali yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na ada?" Nikasema sijui. Akakata simu. Siku nne hakupiga wala hakupokea. Mama ndiye aliyekuwa ananitumia salamu, kwa sauti ya chini.

Siku ya tano akapiga mwenyewe. Alikuwa amemwambia fundi arudishe oili ya kawaida, dawa ya kopo isiwekwe. Akamwita yule kijana aje na fundi wake, akawasha gari mbele yao, akaliacha linagonga. Kijana akasikia. Wakashindana bei siku mbili, wakafikia milioni 3 na laki 2. Kijana amesema halibebi abiria mpaka atafute injini nyingine ya mtumba, ameshaanza kuulizia Nzega na Shinyanga.

Kwa hiyo tumepoteza milioni 1 na laki 6 kwenye makaratasi. Mdogo wangu ameenda shule, godoro kaazima. Mimi nimeandika barua ya kuomba kulipa ada yangu kwa awamu, nasubiri majibu, na mtanisamehe kama mtaniona kafteria nakunywa chai kavu wiki kadhaa. Siwezi kusema nina furaha. Kuna usiku nawaza labda ningenyamaza tu nikazisoma zile sheria kwa ajili ya mtihani kama watu wengine.

Lakini juzi nilimuuliza mzee kama anajuta. Akasema, "Gari nalikumbuka. Ila yule kijana nakutana naye sokoni kila siku, ananiamkia, nami namwitikia vizuri. Igunga ni ndogo, mwanangu. Ningepita wapi?"

Haya, naomba kutoa hoja. Mwenye gari kuukuu nyumbani aseme kelele yake ni ipi, tiki-tiki au ko-ko. Na wenzangu wa sheria, kifungu cha 17 mkisome tena, safari hii siyo kwa ajili ya mtihani.

Tupo pamoja.